Mbegu Ipi kwa Ukame Upi? Tafakari juu ya Mbegu na Maji Kilosa na Mikumi

Kila ufikapo mwezi wa Oktoba, wakulima wa Kilosa, Kimamba, Rudewa, Ulaya, Kidodi na Mikumi huulizana swali lile lile: mwaka huu tupande mbegu gani? Jibu lake hubeba chakula cha familia cha mwaka mzima, ada za shule na akiba ya matibabu, na aliyechagua vibaya hapati nafasi ya kujirekebisha hadi msimu mwingine. Siku hizi karibu kila duka la pembejeo lina mfuko ulioandikwa kwamba mbegu iliyomo inastahimili ukame. Maneno hayo yanaweza kuwa ya kweli na bado yakamwacha mkulima na ghala tupu.

Katika makala hii tunapenda kueleza maana ya maneno hayo: mmea hutumiaje maji, kwa nini mbegu mbili za zao moja hutofautiana katika kuyatumia, na tofauti hizo zinamsaidiaje mkulima wa bonde la Mkondoa au wa pembezoni mwa hifadhi ya Mikumi. Jambo kuu tunalotaka msomaji alishike ni hili: ukame si wa namna moja. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza mbegu ipi inastahimili ukame, ni lazima kwanza tuuliza ni ukame upi unaotusumbua.

Ukame wa kwetu una nyakati zake

Kilosa si nchi kame kama Dodoma iliyo upande wa pili wa milima ya Rubeho. Kwa kawaida mvua yake ya mwaka inatosha kulima mahindi. Tatizo liko katika mpangilio wake. Vuli huanza Oktoba au Novemba. Januari na Februari mara nyingi huja kipindi cha jua, kisha masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Katika mpangilio huo, shamba laweza kuumizwa kwa njia tatu.

Ya kwanza, mvua za mwanzo hunyesha kidogo, mkulima akapanda, kisha zikakata na miche ikakauka. Ya pili, jua la katikati ya msimu huyakuta mahindi yakitoa mbelewele. Ya tatu, masika hukatika mapema, punje zikabaki zikijazwa na unyevu uliobaki ardhini peke yake. Zote tatu tunaziita ukame, lakini kwa mmea ni majaribu tofauti kabisa. Tena nchi yenyewe hubadilika kwa umbali mdogo: udongo mzito wa mbuga za Mkata hushika maji muda mrefu kuliko udongo wa kichanga ulio miinukoni, na Gairo, iliyokuwa sehemu ya Kilosa kabla ya kuwa wilaya, ina ukavu wake wa pekee.

Jani hulipa maji ili lipate hewa

Jani la mmea lina matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho, yaitwayo stomata. Kupitia matundu hayo mmea huvuta hewa ya kabonidayoksaidi, ambayo kwa nguvu ya mwanga wa jua huigeuza kuwa chakula. Lakini tundu linapofunguka kuingiza hewa, mvuke wa maji hutoka papo hapo. Hakuna mmea unaoweza kupata moja bila kupoteza lingine. Kila kilo ya mmea ina gharama yake ya maji, na kiasi cha mazao kinachopatikana kwa kila lita iliyotumika ndicho wataalamu wanachokiita ufanisi wa matumizi ya maji.

Mwanzoni mwa karne ya 20, watafiti wawili, Briggs na Shantz, waliipima gharama hiyo huko Akron, katika jimbo la Colorado nchini Marekani. Walipanda mimea ndani ya vyombo vilivyofunikwa na kupima maji yote yaliyotumika. Mtama ulihitaji takribani lita 300 kutengeneza kilo moja ya mmea mkavu, na mahindi takribani 350. Ngano ilihitaji zaidi ya 500, na lusina, majani ya malisho, zaidi ya 800. Vipimo hivi hubadilika kulingana na hali ya hewa ya mahali, lakini mpangilio wa mazao hayo umebaki ule ule.

Sababu ya tofauti hiyo kubwa ilikuja kueleweka vizuri miaka ya 1960, hasa kwa kazi ya Hatch na Slack huko Australia. Mtama, mahindi, uwele na miwa vina namna ya kuikusanya kabonidayoksaidi ndani ya jani kabla ya kuitumia, hivyo huweza kufanya kazi kubwa huku matundu yakiwa yamebanwa kiasi. Mpunga, maharage, pamba na ngano havina namna hiyo.

Ipo namna ya tatu, na watu wa Kimamba na Rudewa wameishi nayo kwa vizazi. Mkonge, ulioletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, hufunga matundu yake mchana na kuyafungua usiku, wakati hewa imepoa na mvuke unaotoka ni kidogo. Ndiyo maana shamba la mkonge hubaki kijani wakati nyasi zote zinazolizunguka zimekauka.

Hata hivyo, tusichanganye mambo mawili. Miwa ni miongoni mwa mimea inayotumia maji kwa ufanisi, lakini kila anayeyafahamu mashamba ya miwa ya Kilombero, ambayo sehemu yake iko upande wa Ruhembe, anajua jinsi zao hilo linavyohitaji maji mengi. Ufanisi ni mapato kwa kila lita. Hautuambii ni lita ngapi zitatumika kwa jumla, wala kama mmea utaweza kuvuka wiki tatu za jua kali.

Tofauti zilizomo ndani ya zao moja

Mpaka hapa tumelinganisha zao na zao. Lakini hata mahindi kwa mahindi, au mtama kwa mtama, hayafanani. Ndani ya kila punje mna vinasaba, yaani maelekezo ya urithi kutoka kwa wazazi wake, na maelekezo hayo hutofautiana kutoka mbegu moja hadi nyingine. Tofauti hizo ndizo mtaji wa mtafiti wa mbegu: pasipo tofauti hakuna cha kuchagua. Tutaje nne zinazohusu maji.

Ya kwanza ni muda wa kukomaa. Mmea unaokomaa haraka haupambani na ukame. Unamaliza kazi yake kabla ukame haujafika. Nchini Kenya, mahindi ya Katumani yaliyotolewa mwaka 1968 kwa ajili ya maeneo kame ya Ukambani yalifuata njia hiyo. Hapa kwetu, mahindi ya Kito yaliyotolewa mwaka 1983 yalikusudiwa vivyo hivyo. Hasara yake ni kwamba mmea wa siku chache una muda mfupi wa kutengeneza chakula, hivyo katika mwaka wa mvua nzuri hushindwa na ule unaochelewa.

Ya pili ni mizizi. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walieleza jeni moja ya mpunga, waliyoiita DRO1, inayofanya mizizi ielekee chini badala ya kutambaa juu juu. Waliipata katika mpunga wa asili wa Ufilipino uitwao Kinandang Patong, ambao hulimwa milimani bila kumwagiliwa. Walipoiingiza kwa njia ya kuzalisha mbegu katika mpunga wa IR64, mmea uliopatikana ulitoa mavuno bora zaidi wakati wa ukame. Lakini mizizi mirefu humsaidia tu yule ambaye chini ya shamba lake kuna maji. Penye mwamba karibu, au udongo ulioshindiliwa na jembe la trekta, urefu huo hauna pa kwenda.

Ya tatu ni kuchelewa kukauka kwa majani. Ipo mitama ambayo majani yake hubaki kijani wakati punje zinajaa, ilhali mengine tayari yamekauka na mabua yanaanguka. Chanzo kimojawapo kikubwa cha sifa hiyo ni mtama wa asili wa wakulima wa Ethiopia. Uchunguzi uliofanywa kwa miaka mingi, hasa huko Australia, ulionyesha siri yake: mmea huo huwa na majani machache au madogo zaidi mwanzoni, hivyo hutumia maji kidogo mapema na kujiwekea akiba ardhini kwa ajili ya wakati wa kujaza punje. Sifa hii inafaa pale masika yanapokatika mapema.

Ya nne inahusu mahindi, na kwa Kilosa huenda ndiyo muhimu kuliko zote. Muhindi hutoa chavua kwenye mbelewele juu, na huipokea kwenye ndevu za gunzi kiunoni. Mvua ikiwa nzuri, ndevu hutokea siku chache tu baada ya mbelewele kuanza kumwaga chavua. Jua likiwa kali, mbelewele haisubiri, lakini ndevu huchelewa, pengine kwa wiki nzima au zaidi. Zinapotoka, chavua imekwisha. Hapo ndipo mkulima anapokuta shamba la kijani lenye magunzi yasiyo na punje. Mvua ya baadaye hufufua majani, lakini hairudishi punje.

Watafiti wa kituo cha kimataifa cha CIMMYT nchini Mexico waliitumia tofauti hiyo. Kuanzia miaka ya 1970 walichukua mahindi ya Tuxpeño, wakayapanda makusudi wakati wa kiangazi, wakachagua mimea ambayo ndevu zake hazikuchelewa, na kurudia hivyo kwa mizunguko 8. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1993 yalionyesha mavuno yakiongezeka katika ukame bila kupungua katika mvua nzuri. Hawakuongeza maji. Walirekebisha mgawanyo, ili gunzi lisiwe la mwisho kupewa chakula wakati wa shida.

Ubanaji wa maji pekee hautoshi

Mtu anaweza kusema: basi tutafute mmea unaobana maji kuliko yote. Jambo hili limejaribiwa. Miaka ya 1980, Farquhar na Richards huko Canberra walionyesha njia ya kuutambua mmea wa namna hiyo bila kupima maji yake kila siku. Kaboni iliyomo hewani ni ya namna mbili, nyepesi na nzito, na ile nzito ni takribani asilimia 1 tu. Jani lenye matundu wazi huchagua sana ile nyepesi. Jani linalobana matundu halina nafasi kubwa ya kuchagua, hivyo hupokea na nzito. Kwa kupima kaboni iliyomo katika jani, mtafiti husoma namna mmea ulivyotumia maji maishani mwake.

Kwa njia hiyo walizalisha ngano iitwayo Drysdale, iliyotolewa mwaka 2002. Ilikusudiwa maeneo ambayo ngano huishi kwa unyevu uliohifadhiwa ardhini kabla ya kupanda, ambako mmea unaotumia akiba polepole hufika mwisho wa msimu ukiwa bado na maji. Lakini pale ambapo mvua hunyesha wakati zao linakua, kubana matundu huweza kuwa hasara: mmea hukua polepole, na maji ambayo haukuyanywa hupotea kwa kukaushwa na jua au kunywewa na magugu. Mtafiti Abraham Blum aliandika mwaka 2009 kwamba katika hali nyingi za ukame kinachohitajika zaidi ni mmea unaoweza kuyafikia maji yaliyopo na kuyatumia vizuri, kuliko ule unaojizuia kuyatumia.

Sifa inayomwokoa mkulima mmoja yaweza, basi, kumnyima mwenzake. Mbegu iliyosifiwa Dodoma si lazima isitawi Kidodi, na ya Kidodi si lazima ifae Gairo.

Kazi iliyofanyika Ilonga

Msomaji wa Kilosa hana haja ya kwenda mbali kuona kazi hii. Kituo cha Ilonga, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kilianza miaka ya 1940 kikishughulikia pamba, kisha kikahudumia mahindi, mtama, alizeti na mazao ya jamii ya mikunde kama mbaazi, kunde na choroko. Mahindi ya Tuxpeño tuliyoyataja yalijaribiwa na kutolewa hapa miaka ya 1970 kwa ajili ya nyanda za chini. Mwaka 1983 zilitolewa Staha, Kilima na Kito. Mkulima anayepanda Staha anajua kwamba huvumilia ugonjwa wa milia, ambao huenea kupitia wadudu wadogo na huweza kuteketeza mahindi yaliyochelewa kupandwa.

Kwa upande wa mtama, wakulima wanazifahamu Tegemeo, Pato na Macia. Mwaka 2002 zikaongezeka Wahi na Hakika, zinazohimili kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Mbegu hizo zilitokana na kazi ya Gebisa Ejeta, mwana wa Ethiopia aliyepata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Na kati ya miaka ya 2007 na 2015, mradi wa mahindi yanayostahimili ukame ulioendeshwa na CIMMYT na IITA katika nchi 13 za Afrika, Tanzania ikiwemo, uliwezesha kutolewa kwa aina zaidi ya 200 kwa njia ya kawaida ya kuchagua na kuzalisha.

Tanzania ilijaribu pia njia ya kuingiza katika mahindi jeni iliyotoka kwa bakteria. Jaribio lilianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na baadaye serikali ikalisimamisha. Katika waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko hakutoa hukumu ya jumla juu ya mazao ya namna hiyo. Alitaka pawepo mjadala mpana na wa kweli, unaowahusisha wote wanaoguswa, wakiwemo wakulima wadogo, na alionya juu ya ardhi na mbegu kuangukia mikononi mwa wachache. Onyo hilo linahusu mbegu za kila aina.

Mbegu za wazee wetu

Sifa nyingi tulizozitaja zilianza kwa wakulima wasiojulikana majina: mtama wa Ethiopia, mpunga wa milima ya Ufilipino, mahindi ya Mexico. Mtafiti alizitambua, lakini mkulima ndiye aliyezitunza. Vivyo hivyo, katika nyumba za Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, akina mama walichagua masuke bora na kuyaning'iniza juu ya uchaga wa jikoni ili moshi uyalinde na wadudu. Kila walipochagua masuke ya mwaka wa njaa, walikuwa wakihifadhi vinasaba vilivyoushinda mwaka huo.

Mbegu hizo zinapungua. Mahindi yameuondoa mtama mahali pengi, kwa sababu zinazoeleweka: ugali wake unapendwa, soko lake ni la uhakika, na hayahitaji watoto kushinda shambani wakifukuza ndege. Miaka ya 1970, baada ya ukame wa 1973 na 1974 na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, serikali ilihimiza mtama na muhogo, lakini mazao hayo yalipopatikana kwa wingi wanunuzi hawakutosha. Kumhimiza mtu apande kisicho na soko ni kumwongezea mzigo. Lakini aina ya mbegu ikishapotea katika kijiji chote, hairudi kwa kuihitaji. Ndiyo maana taifa lina benki ya mbegu huko Arusha, na ndiyo maana debe moja la mtama wa kienyeji lililotunzwa vizuri kijijini si jambo la kudharauliwa.

Tufanye nini msimu huu

Kwanza, tujue ukame wetu. Katika daftari la kawaida, tuandike tarehe ya kila mvua, tarehe tuliyopanda, tarehe mbelewele zilipotoka na tarehe ndevu zilipotoka. Miaka mitatu ya kumbukumbu hizo itatuonyesha kama adui yetu ni mwanzo, katikati au mwisho wa msimu.

Pili, tusiweke msimu wote katika mbegu moja. Anayepanda sehemu kwa mahindi ya mapema, sehemu kwa yanayochelewa, na sehemu kwa mtama au mbaazi, hatapata mavuno ya juu kabisa katika mwaka mzuri, lakini hatalala njaa katika mwaka mbaya. Mbaazi zina faida ya pekee, kwa kuwa mizizi yake huenda chini na kuendelea kutafuta unyevu baada ya mahindi kuvunwa.

Tatu, tujue mbegu tuliyonunua. Mbegu ya mahindi chotara hupoteza nguvu ikirudiwa kupandwa, kwa hiyo hununuliwa kila mwaka. Mbegu kama Staha yaweza kuhifadhiwa kwa misimu kadhaa, ilimradi mimea ya mbegu iwe mbali na mahindi ya aina nyingine, kwa sababu chavua husafiri na upepo. Mtama hujichavusha wenyewe kwa kiasi kikubwa, hivyo ni rahisi zaidi kuutunza. Tunaponunua, tukague lebo ya TOSCI, taasisi inayosimamia ubora wa mbegu. Wakala wa Mbegu za Kilimo (ASA) ana mashamba Msimba na Kilangali, humu humu Kilosa. Vikundi vinavyotaka kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa kwa ajili ya majirani vimwendee afisa ugani vipate utaratibu.

Nne, tukumbuke kwamba hakuna kinasaba kinachoweza kunywa maji yaliyokwisha kupita. Maji ya mwinuko yaliyokimbilia Mkondoa hayamsaidii hata mmea wenye mizizi mirefu kuliko yote. Matuta yanayokinga mteremko, matandazo ya mabua, palizi ya mapema na mbolea ya samadi huongeza maji ambayo mbegu nzuri itayatumia.

Kazi hii humwelemea mtu mmoja, lakini si nzito kwa jumuiya. Kaya kumi za jirani zikikubaliana kupanda aina tatu za mbegu katika vipande vidogo vinavyolingana, zikatumia mbolea na palizi ile ile, na kupima mavuno kwa debe lile lile, zitakuwa zimepata jibu ambalo hakuna mfuko wa dukani unaoweza kuwapa: mbegu ipi inafaa kwa udongo wao na kwa ukame wao. Vuli ijayo ni wakati mzuri wa kuanza, na maafisa ugani na watafiti wa Ilonga wapo karibu kuwashauri.